Mradi Uliokamilika Hauhesabiwi

Palikuwa na nchi, na hadi leo ipo, salama salimini, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu limo katika mapitio. Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa katika mapitio: jina, wimbo, ratiba ya treni, na treni yenyewe. Wananchi hawakulalamika. Walikuwa watu wasikivu, wepesi wa kupiga makofi, nao walijua kwamba kitu kinachopitiwa angalau hakijasahauliwa.

Fahari ya nchi hiyo ilikuwa mawe ya msingi. Wengine hujisifia barabara, wengine reli, wengine zahanati zenye dawa. Hawa walijisifia mawe. Hapakuwa na kitongoji, hata kile kilichorukwa na ramani, kisichokuwa na jiwe lake lenye kibao cha shaba kinachoeleza nani aliliweka, lini, na kwa cheo gani. Kitu kilichokusudiwa kujengwa juu ya jiwe nacho kilitajwa, kwa herufi ndogo zaidi.

Katika mji wa Mavumbini, kando ya Mto Shuwari, Waziri wa Ujenzi wa kwanza aliweka jiwe la msingi la daraja. Wa pili akaja, akaona si adabu kujenga juu ya jiwe la mwenzake, akaweka lake pembeni. Wa tatu akafanya hivyo hivyo, na wa nne, mpaka safu ya mawe ikaenea ukingoni kama meno ya mbele. Watu wa Mavumbini waliyatumia vizuri. Walifungia mbuzi, walianikia dagaa, na watoto walijifunzia kusoma majina ya waheshimiwa. Kuvuka, walivuka kama walivyovuka babu zao: kiangazi maji yakiwa kiunoni, masika hawavuki.

Hapo ndipo alipokaa Zawena Kitwana na bibi yake, Bi Sanura. Bi Sanura alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Bi Sikitu, aliyeolewa ng'ambo ya pili na kubaki huko hata baada ya mume kufa. Magoti ya wote wawili yalikuwa yamekwisha kazi, na maji ya kiunoni hayakuwa tena maji ya kuyachezea. Kwa hiyo kila jioni Bi Sanura alisimama ukingo wake na Bi Sikitu wake, wakajuliana hali kwa kupaza sauti.

"Sikitu, umekula?"

"Nimekula, dada. Mguu?"

"Upo. Na sufuria yako ninayo."

Sufuria hiyo Bi Sanura aliiazima kwa mdogo wake zamani, magoti yakiwa bado mazima, na hakupata njia ya kuirudisha. Siri kati yao hawakuwa nazo tena, maana siri haipigiwi kelele. Bi Sikitu alipovimba tumbo, mji mzima ulijua amekula nini. Kuna jioni alilia kwa sababu ambayo hakuweza kuipaza, na Bi Sanura akabaki amesimama upande huu, mikono kichwani, akiuliza "nini? nini?" mpaka giza likaingia. Zawena alikuwa mtoto mdogo pembeni yake siku hiyo. Ndipo alipoamua kwamba akikua atajenga madaraja.

*

Nchi ilikuwa na Programu Maalumu ya Kuandaa Vijana kwa Chuo Kikuu, nayo shule ya sekondari ya Mavumbini ilibahatika kuwamo. Zawena aliingia kwa alama za juu. Akasoma hisabati kwa Mwalimu Kihwelu, mtu mwembamba, mpole, aliyeweza kuchora duara ubaoni bila kifaa na kisha kuomba radhi kwa kujionyesha.

Basi Chuo Kikuu kikalalamika serikalini kwamba vijana wanaoletwa na Programu hawajui kupima wala kukokotoa. Serikali haikulipuuza jambo hilo. Iliunda Kamati ya Kitaifa ya Mapitio ya Masharti ya Kuhitimu, chini ya Profesa Kalumbete, msomi aliyekuwa amekaa katika kamati nyingi kiasi kwamba suruali zake zilichakaa upande mmoja tu. Kamati ikajifungia katika hoteli ya kando ya ziwa, maana mawazo mazito yanataka upepo, na haikutoka mpaka ilipopata jibu.

Profesa Kalumbete mwenyewe alikuja Mavumbini kuwaeleza wazazi.

"Ndugu wazazi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Tumefanya utafiti wa kina. Tumewachunguza watu wote waliofanikiwa katika nchi hii, na hatukumkuta hata mmoja aliyefanikiwa kwa sababu ya kukokotoa. Tulimpata mmoja aliyekokotoa, mkaguzi wa hesabu za serikali. Yuko rumande."

Wazazi walitikisa vichwa kwa masikitiko.

"Lakini kila aliyefanikiwa, bila kubakiza hata mmoja, jina lake limo kwenye jiwe la msingi. Basi tumejiuliza, kwa nini kumcheleweshea mtoto? Kuanzia mwaka huu, hisabati na fizikia zitasomwa na mwenye nafasi. Atakayehitimu ni yule aliyebuni mradi, akampata mgeni rasmi, na mgeni rasmi akamwekea jiwe la msingi mahali pa mradi. Ukubwa wa jiwe utalingana na cheo cha mgeni, na alama zitalingana na ukubwa wa jiwe."

Makofi yakapigwa. Profesa akainua kidole.

"Kuna sharti la saba, nalisoma kama lilivyo. Mradi uliokamilika hauhesabiwi."

Kwa kuwa alikuwa mwalimu, Profesa akafafanua. "Nchi yetu ina viongozi wengi, na nyuma yao vijana wengi zaidi. Wewe ukikamilisha leo, mwenzako kesho ataweka jiwe la nini? Ataahidi nini? Kukamilisha, ndugu zangu, ni uchoyo. Na mtoto akizoea kukamilisha angali mdogo, akiwa mkubwa atakuwa mtu wa namna gani?"

Wazazi wakaona kweli, hawakuwa wamelifikiria hilo. Bi Sanura, aliyekuwa mlezi wa Zawena, akajiinua kwa fimbo yake.

"Mwanangu Profesa, mimi sikusoma. Jiwe likishawekwa, anajenga nani?"

"Swali zuri sana, mama," alisema Profesa. "Nimelipokea." Na kweli alilipokea, hakulitoa tena.

*

Wiki hiyo hiyo Zawena alipata barua ya Chuo Kikuu. Alipewa nafasi ya kusomea ujenzi wa madaraja, ila afike na cheti cha kuhitimu mkononi. Bila cheti nafasi hiyo angepewa mwingine. Bi Sanura alitaka asomewe barua hiyo mara kadhaa, kisha akaenda mtoni kuipaza. Bi Sikitu alipiga vigelegele ng'ambo, na wapita njia waliosikia wakapiga na wao bila kuuliza kuna nini.

Kilichobaki kilikuwa jiwe, na hapo ndipo pagumu. Wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho, nchi nzima, walikuwa wakitafuta wageni rasmi kwa wakati mmoja, na wageni rasmi wakaadimika. Diwani wa Mavumbini aliweka mawe tangu asubuhi hadi jioni mpaka mgongo ukamshika akalazwa hospitali ya wilaya, na akiwa huko huko wodini akaweka mengine mawili. Ngoda, kijana aliyekuwa akikaa dawati moja na Zawena, alibuni uwanja wa ndege wa kimataifa nyuma ya banda la kuku la mjomba wake. Mgeni rasmi aliyempata alikuwa msaidizi wa afisa mifugo, na jiwe la cheo hicho, kwa mujibu wa masharti, lilikuwa na ukubwa wa tofali.

"Kwa tofali nitapata alama gani?" Ngoda alisema. "Hata kuku hawatashtuka."

Zawena hakuwa amebuni mradi. Alikuwa amekaa na kijitabu cha masharti akikisoma kama anavyosomwa mtu unayetaka kumkopa, taratibu, ukitafuta pa kuanzia. Kisha akaenda ofisini kwa Mwalimu Kihwelu. Mwalimu hakuwa tena mwalimu wa hisabati. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mratibu wa Mawe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zawena. Umepata mgeni?"

"Bado. Nina swali. Masharti yanasema jiwe liwekwe mahali pa mradi. Mradi wa daraja mahali pake ni wapi?"

"Mtoni."

"Ukingoni au mtoni?"

Mwalimu Kihwelu alimtazama. Kwa miaka minne alikuwa amemwona msichana huyu akifika kwenye jibu kwa kupitia uani.

"Ukisema kweli," alijibu, "mtoni."

"Na jiwe la waziri kamili lina ukubwa gani?"

Mwalimu alifungua kijitabu. "Kimo cha kifua cha mtu mzima. Upana wa meza ya kulia watu wanane."

"Maji ya kiangazi ni ya kiunoni, mwalimu."

Mwalimu Kihwelu alikifunga kijitabu, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Sijasikia swali hilo," alisema. "Ila barua ya kumwalika waziri nitaiandika mimi, mwandiko wangu ni mzuri."

Kuwashawishi wenzake hakukuwa kazi. Zawena aliwaambia kuwa darasa zima, wote ishirini na watano, wakikubali mradi mmoja wenye awamu nyingi, waziri mmoja atawatosha wote, na kila mmoja atapata jiwe kubwa lisilo la kawaida. Ngoda aliuacha uwanja wa ndege siku hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu naye alifurahi, kwa kuwa mgeni mmoja anakunywa soda moja. Wizara ikaleta mawe bila kuchelewa. Ghala lake lilikuwa limejaa mawe, maana katika vifaa vyote vya serikali jiwe ndilo lililokuwa halijawahi kupungukiwa bajeti.

Wakagawana awamu. Awamu ya Kwanza ilikuwa karibu na jukwaa, watu wakaigombania. Ya mwisho haikutakiwa na mtu, maana waziri angefika hapo amechoka na hotuba ingekuwa fupi. Zawena akasema ataichukua yeye.

Kabla trekta halijayaburuta mawe majini, alimchukua Bi Sanura hadi uwanjani, akamwomba atembee kwenye mchanga.

"Nitembee niende wapi?"

"Popote, bibi. Tembea tu kama unavyotembea ukiwa umechoka."

"Mke mwenzangu, masomo haya yamekuwa ya ajabu," alisema Bi Sanura, lakini alitembea. Zawena alimfuata nyuma na kamba, akipima.

*

Siku ya sherehe Mheshimiwa Waziri Dakta Balozi Mstaafu Hamdani Chogogwe aliwasili akiwa na furaha. Alikuwa Waziri wa Ujenzi wa zamu hiyo, na alikuwa ameahidiwa mawe ishirini na matano kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kumfika waziri yeyote. Mawe yalikuwa yamepangwa mtoni, kila moja limefunikwa pazia la buluu, na juu ya yote limetandikwa zulia jekundu. Kutoka jukwaani hakuna aliyeona kitu cha kutilia shaka. Waliona awamu.

Waziri alipanda Awamu ya Kwanza, akavuta kamba, pazia likaanguka, kibao cha shaba kikang'aa.

"Leo," alisema, "tumeanza."

Bendi ikapiga. Akahamia Awamu ya Pili, akavuta, akasema leo tumeanza. Hotuba ilikuwa moja, nzuri, yenye ahadi za kutosha, naye aliirudia kwa uaminifu kwenye kila jiwe. Kwenye Awamu ya Kumi walio jukwaani hawakuweza tena kumsikia, wakaendelea kupiga makofi kwa kufuata mkono wake. Kwenye Awamu ya Kumi na Nane alisimama akafuta jasho, akamwambia Mwalimu Mkuu aliyekuwa akimfuata nyuma kwamba vijana hawa wamepima vizuri, hatua inakwenda yenyewe.

Kwenye Awamu ya Ishirini na Tano alisimama Zawena, sare imepigwa pasi, mikono nyuma. Alikuwa amejiambia siku zote hizo kwamba mawe si daraja. Daraja lina nguzo, lina kingo, lina jina. Kwa hiyo sharti la saba halimhusu. Alijiambia hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kuwa anajidanganya.

Waziri akavuta kamba, akasema leo tumeanza. Kisha, akitafuta pa kugeuzia mwili wake mkubwa, akatanguliza mguu mmoja mbele, na wa pili ukafuata.

Alikuwa amesimama kwenye nyasi. Mbele yake alikuwa kikongwe aliyejitanda kanga mbili.

"Karibu, baba," alisema Bi Sikitu. "Umevukaje?"

Waziri alitazama viatu vyake. Vilikuwa vikavu. "Nimetembea, mama," alisema.

Bendi ilinyamaza. Waziri alikuwa na hotuba ya kuweka jiwe, na alikuwa na hotuba ya kuwaomba wananchi wavute subira. Hotuba ya kuvuka hakuwa nayo, wala hapakuwa na wa kumwazima, kwa sababu katika historia ya wizara hakuna aliyewahi kuihitaji. Alibaki pale akitabasamu kuelekea kwenye kamera, ambazo zilikuwa upande wa pili.

Katika kimya hicho Bi Sanura aliingia kwenye zulia. Hakuitwa na mshereheshaji wala hakuwamo kwenye ratiba. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, na alipita jiwe baada ya jiwe kama mtu anayetembea sebuleni kwake, maana kila nafasi ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha miguu yake. Alipofika nyasini alimpita waziri kwa "kumradhi, baba," akasimama mbele ya mdogo wake.

"Sikitu, umekula?" alipaza sauti.

"Nimekula, dada. Mguu?" Bi Sikitu naye akapaza.

Walikuwa karibu kiasi cha kushikana, na waliendelea kupiga kelele, kwa mazoea, mpaka Bi Sikitu alipougusa uso wa dada yake kwa kiganja. Hapo ndipo sauti zao ziliposhuka, na walichoambiana baada ya hapo mji haukukijua. Zawena aligeuza uso asije akaonekana analia mbele ya mgeni rasmi.

Profesa Kalumbete, aliyekuwa jukwaani kama mwangalizi, ndiye wa kwanza kutambua msiba uliotokea. Alitoa kijitabu mfukoni, akafungua sharti la saba, akakunja kona ya ukurasa.

*

Matokeo yalibandikwa ukutani. Wanafunzi ishirini na wanne walipata Vizuri Sana. Mbele ya jina la Zawena Kitwana paliandikwa kwa wino mwekundu: Amekamilisha.

Alikwenda mwenyewe kwa Profesa, aliyekuwa amefikia nyumba ya wageni ya wilaya. Profesa alimpokea kwa upole, akamwagizia chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa masharti.

"Tulia, binti, tuelewane," alisema. "Jiwe la Ngoda peke yake linamfikisha mtu wapi?"

"Katikati ya maji."

"Safi kabisa. Mradi unaendelea. Na la wa ishirini na nne?"

"Nalo majini."

"Nalo safi. Sasa lako wewe linamfikisha mtu wapi?"

"Ng'ambo," alisema Zawena.

"Umesema mwenyewe."

"Lakini profesa, bila mawe ya wenzangu langu halimfikishi mtu popote."

"Ndiyo maana wenzako hatukuwalaumu," alisema Profesa. "Wao walianza kwa nia njema."

Akamsogezea sukari. Kamati, alieleza, haikuundwa ili kuwaonea watoto, nayo ilikuwa imemfikiria. Jiwe la mwisho likiondolewa kabla chuo hakijafunguliwa, mradi ungerudi katika hali yake ya heshima, na cheti kingetolewa siku hiyo hiyo. "Moja tu," alisema. "Mengine ishirini na manne yabaki, ni mazuri."

Zawena alilia njia nzima, bila kujificha, na watu wakampisha. Alikitaka chuo kile. Alikitaka kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, na sasa kilikuwa upande wa pili wa jiwe ambalo aliliomba mwenyewe. Alipita kwa Mwalimu Kihwelu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia stoo ya shule, akatoka na mtaimbo.

"Nilikufundisha hisabati, mwanangu," alisema. "Hili si la hisabati. Lakini kama utakihitaji hiki chuma, ni hiki hapa."

Nyumbani, Bi Sanura alikuwa akichambua mchele. Hakungoja kuombwa.

"Nenda kaling'oe, mke mwenzangu."

"Bibi."

"Mimi na Sikitu sauti tunazo bado. Na sufuria yake nimekwisha mrudishia, sidaiwi." Aliutikisa ungo, makapi yakaruka. "Nenda, kabla sijageuza maneno. Mimi ni mtu mzima, naweza kugeuza."

*

Asubuhi Zawena aliingia mtoni, maji kiunoni, akaupenyeza mtaimbo chini ya jiwe lake. Alilala juu ya chuma kwa uzito wake wote. Jiwe likanyanyuka kidogo upande mmoja, likatikisika.

"Pole na kazi, binti," ilisema sauti juu yake. Alikuwa mama mmoja mwenye sinia la vitumbua. "Nipishe kidogo nipite, vitapoa."

Zawena aliulegeza mtaimbo, mama akapita. Nyuma ya mama alikuwa mzee aliyebeba baiskeli begani. Nyuma ya mzee walikuwa watoto wa shule ya msingi, wengi, wakirukaruka, na mmoja akalala kifudifudi juu ya jiwe kumchungulia anafanya nini chini huko. Zawena aliona ni vyema angoje watu waishe, kisha ataling'oa kwa nafasi. Akangoja. Alipita fundi cherehani na cherehani yake. Alipita mgonjwa amebebwa machela kwenda zahanati ya ng'ambo, na nyuma yake shehe aliyekuwa akienda kumwombea, na nyuma ya shehe mbuzi watatu ambao hakuna aliyejua ni wa nani, nao walijua njia. Kila akishika mtaimbo, mtu alimwambia pole na kazi. Walidhani analitengeneza.

Watu hawakuisha. Jua lilipopungua alikuwa bado pale, vidole vimejikunja kwa baridi ya maji, ndipo akaisikia fimbo anayoijua.

"Bado tu?" aliuliza Bi Sanura. Alikuwa na sahani ya wali imefunikwa.

"Bado kuna watu, bibi."

Bi Sanura alimtazama, akautazama mtaimbo, akautazama upande wa pili ambako mdogo wake alikuwa amekwisha simama. "Basi na mimi nipishe," alisema. Zawena akampa mkono, akamvusha. Kisha akautoa mtaimbo, akaurudisha shule.

Wizara haikukaa kimya. Waziri Chogogwe alitoa taarifa kwamba daraja la Mto Shuwari limeondolewa katika mpango wa taifa, kwa kuwa wananchi wa Mavumbini wameonyesha kutokuwa na subira. Kamati nayo ilirudi hotelini kando ya ziwa kuyapitia masharti, na kuongeza la nane, kwamba mawe ya msingi yasikaribiane.

Chuo kilipofunguliwa, njia ya kwenda huko ilikuwa ng'ambo. Wenzake ishirini na wanne waliteremka mtoni asubuhi wakiwa na masanduku kichwani na vyeti vimefungwa kwenye nailoni, Ngoda akiwa na cha kwake kwenye mfuko wa shati. Nafasi ya ujenzi wa madaraja iliyobaki wazi alipewa yeye, na kwa aibu alikuwa hajamtazama Zawena usoni tangu siku hiyo. Zawena aliwaonea wivu mchungu. Lakini jiwe la mwisho lilikuwa likicheza tangu siku ile ya mtaimbo, na masanduku yalikuwa mazito, kwa hiyo alisimama majini akawashika mkono mmoja mmoja.

Ngoda alikuwa wa mwisho. Alisita juu ya jiwe.

"Zawena," alisema, "nafasi ya jiwe na jiwe uliipataje? Huko wanaweza kuniuliza."

"Nilimwambia bibi atembee."

Ngoda alingoja aongeze neno. Alipoona haongezi, akashukuru, akavuka. Zawena aliinama, akapapasa chini ya maji mpaka akapata kijiwe bapa, akakipachika chini ya jiwe lake, akapanda juu, akalikanyaga kwa nguvu kuona kama limetulia.